Somo, soma kibandiko kabla hujatoa pesa

Somo yangu mpenzi,

Salamu za hapa Dar, sote wazima. Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kuona umeamua kumsikiliza daktari. Presha si ya kuichezea. Nusu saa ya kutembea kwa mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, ndizo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima azipate angalau. Barabarani najua huwezi: unatoka kazini magharibi imeshaingia, na watoto wanakungoja. Tredimili ya nyumbani, yaani ile mashine ya kutembelea ukiwa palepale, ni wazo zuri, na kwa kuwa kazi yangu ni kuzitengeneza hizi mashine kwenye majimu, acha nikwambie ninavyozipima za bei nafuu.

Kwanza amua: unataka ya kutembea au ya kukimbia? Kwa pesa uliyonitajia utapata mashine nzuri ya kutembea au mashine mbovu ya kukimbia. Zile ndogo za kukunja wanazokwambia zinafika kilomita 12 kwa saa, nyingi mkanda wake wa kukanyagia una upana wa sentimita 40 hivi, na urefu unapita mita moja kidogo tu. Mtu akikimbia hatua yake hurefuka, mguu ukaanza kutua ukingoni. Kwa kutembea mkanda huohuo unatosha, na kilomita 6 kwa saa zitakutoa jasho vizuri tu. Chukua ya kutembea.

Halafu usibabaishwe na nguvu za farasi zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mara nyingi ile ni nguvu ambayo mota huifikia kwa kitambo kifupi, haiwezi kudumu nayo. Mwombe muuzaji akuoneshe kibandiko kidogo, aghalabu kiko karibu na swichi ya kuwashia au chini ya mashine, kina volti na wati. Chukua hizo wati ugawe kwa 746. Boksi linaweza kusema 2.5 na kibandiko kikasema wati 600, ambazo hazifiki hata farasi mmoja. Hiyo haiifanyi mashine kuwa mbaya, maana kutembea hakudai nguvu nyingi. Ila usikubali kuilipia bei ya farasi wawili na nusu. Hapohapo angalia volti: ziwe 220 hadi 240. Mitumba ya Dubai haina shida, umeme wao ni kama wetu, lakini iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, unaiunguza.

Sasa ipande. Usinunue mashine ambayo hujaikanyaga, hata muuzaji akiona unamchelewesha. Vaa raba zako, iweke kilomita 2 kwa saa, utembee ukitua kisigino kwa uzito wako wote. Sikiliza kwa mguu, si kwa sikio. Mkanda ukisita kila unapokanyaga, ukasimama nukta moja kisha ukajivuta, mota imezidiwa au mkanda umelegea. Mwendo wa polepole ndio unaoumbua mota dhaifu. Kwenye kasi kubwa mkanda unateleza tu na kila mashine inaonekana nzima. Uliza pia uzito wa juu inaoubeba, na uache nafasi ya kilo 20 juu ya uzito wako. Wakikwambia 100 na wewe una 95, iache.

Zile bapa za kusukuma chini ya kitanda, zisizo na mshikio, ni nzuri kwa kutunza nafasi, lakini kwako sizipendi. Mtu anayemeza dawa za presha anaweza kupatwa na kizunguzungu, anahitaji kitu cha kushika. Tafuta yenye mshikio na ufunguo wa usalama, ule wenye kamba unaobana kwenye nguo. Ukiteleza, ufunguo unachomoka na mkanda unasimama. Ukimaliza mazoezi uchomoe, uufiche. Nakuomba sana kwa hilo, kwa sababu ya wanao. Mwaka 2021 kule Marekani kampuni ya Peloton iliwataka wateja wazirudishe tredimili zake za Tread+ zipatazo 125,000 baada ya mtoto wa miaka sita kufariki, na wengine kadhaa kujeruhiwa kwa kuvutwa chini ya mashine. Na hizo zilikuwa za bei kubwa. Mtoto asikae nyuma ya tredimili inayotembea, hata kwa dakika moja.

Kwa hiyo usiiegemeze nyuma ukutani ili utazame televisheni. Nyuma iache wazi, ikiwezekana mita 2, ukianguka usije ukabanwa kati ya mkanda na ukuta. Hapo ghorofani Michenzani, Unguja, ulipo, majirani wa chini watasikia kila hatua. Nunua na zulia la mpira nene. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayopata moto. Umeme usikutishe: hata ikila wati 600 mfululizo, nusu saa haizidi theluthi ya yuniti.

Matunzo ni machache. Kila baada ya miezi miwili mitatu ingiza vidole chini ya mkanda. Ukihisi pakavu, weka mafuta ya silikoni. Usitie ya kula wala ya cherehani, yanaharibu mkanda. Mkanda ukienda upande, nyuma kuna skrubu mbili. Zungusha robo, subiri uone, kisha robo tena. Na kwa hewa hiyo ya bahari, pangusa vyuma vyake mara kwa mara, kutu haina subira.

Ukishaipata unayoitaka, kabla ya kulipa nipigie picha ya kile kibandiko na ya mkanda kwa karibu, unitumie hata kama ni usiku. Kama iko Kariakoo, niambie duka, nitakwenda kuikanyaga kwa niaba yako na kuisindikiza mpaka bandarini.

Mpe mama shikamoo yangu.

Ni mimi, somo yako