Bamvua moja, kazi mbili: niende na mama au niende na maabara?

Mshauri wetu, assalaam alaykum.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeifuta. Kila nikifika pale kwenye aibu yangu mkono unasita. Safari hii naanza na mengine, aibu itakuja yenyewe.

Mie ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea sayansi ya bahari. Kwetu ni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mama ni mkulima wa mwani. Alianza akiwa kigori, miaka ile ya mwanzo kabisa, maana mwani wa biashara uliingia Paje na kwetu mwaka 1989, na hajapumzika mpaka leo. Sare zangu za skuli, nauli, hata simu ninayoandikia barua hii, vyote vimetoka kwenye kamba zake. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Dada yangu kaolewa Pemba. Kwa hiyo shambani tuko wawili, mama na mie.

Kwa asiyeijua kazi yetu, naomba nieleze kidogo, kwa sababu tatizo langu lote limekaa humo. Tunapiga vigingi mchangani, tunanyoosha kamba kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba tunafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa vijikamba vidogo tunavyoviita taitai. Baada ya wiki sita hivi tunavuna, tunaanika, tunauza. Lakini haya yote hufanyika maji yakiwa yametoka, na maji hayatoki kwa matakwa ya mtu. Yanatoka sawasawa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hapo kuanzia saa tatu asubuhi ufuko mzima unabaki wazi, unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba, na saa sita yanarudi. Maji mafu yakiingia, shamba halifikiki vizuri. Ukihesabu, mwezi mzima una siku kumi na mbili hivi za kazi ya maana, na kila siku ina saa tatu tu. Ukiikosa bamvua moja, mwani umeshakuwa mzito na unakatika, au mawimbi yameupeleka kwa jirani, au umeingiwa na ule ugonjwa wa matawi kuwa meupe na kudondoka. Wakati wa jua kali ugonjwa huo haukawii.

Sasa, maabara. Mwaka jana tulipelekwa Chwaka kwa mafunzo ya vitendo. Kazi ilikuwa kuhesabu nyasi bahari: unatandaza tepu ya mita hamsini, kila baada ya mita kadhaa unaweka fremu ya mraba chini, unakadiria asilimia ngapi imefunikwa na majani na ni ya aina gani. Wenzangu wa mjini walikuwa wanainama na kitabu cha picha mkononi. Mie nilikuwa nataja kabla sijainama, kwa sababu mguu ulikuwa umeshaniambia. Yale yenye kijiti kigumu kama cha mti hayafanani hata kidogo na yale ya majani marefu kama ukanda, yenye mizizi ya manyoya meusi. Majina ya Kilatini nilikuwa sijayashika vizuri, lakini nilijua huyu ni nani na yule ni nani. Mwalimu wetu akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa mama. Hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na baada ya wiki mbili akaniita ofisini akasema, "Njoo maabara."

Nimeshakwenda mara nne kuangalia. Wallahi nimeipenda. Wengi hudhani maabara ya bahari ni kupiga mbizi na pomboo. Mimi muda wote nilikuwa nimekaa mbele ya sinia, nakwangua ukungu na vijidudu kwenye jani kwa wembe, natenga majani huku na mizizi huku, natia kwenye bahasha za karatasi, bahasha zinaingia oveni ya nyuzi 60 siku mbili, kisha napima kwenye mizani inayohesabu mpaka sehemu ya elfu ya gramu. Mtu angenikuta angedhani naosha mchicha. Lakini namba zikiandikwa zikapangwa, unaona kitu ambacho macho yangu ya miaka yote yalikuwa hayajakiona: kwamba uzito mkubwa uko chini ya mchanga, kwenye mizizi, siyo kwenye majani tunayoyakanyaga. Siku ile nilirudi dakhalia nikakosa usingizi kwa furaha.

Nafasi waliyonipa ni ya msaidizi mwanafunzi, miezi sita kwa kuanzia. Hakuna malipo, ila nauli ya daladala na chakula cha mchana siku za kwenda baharini. Nikifanya vizuri, utafiti wangu wa mwaka wa mwisho nitaufanyia hapo, na mwalimu atanisimamia mwenyewe. Najua thamani ya kitu hiki. Kuna wanafunzi wa mwaka wa tatu wanahangaika na wasimamizi wasiopokea simu.

Na siku za kwenda baharini ni lini? Bamvua. Zote mbili za kila mwezi. Saa zile zile ambazo mama ameinama.

Nilimgusia kaka mmoja anayesomea uzamili pale, ndiye anayetupangia ratiba, kwamba mambo ya nyumbani yananibana na kwamba bila chochote mfukoni itakuwa vigumu. Akanijibu kwa upole tu, "Mdogo wangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Sikumjibu. Mie nimeinama tangu nina miaka saba.

Hilo la siku ni zito, lakini kuna la pili ambalo sikulitarajia. Mradi wenyewe unalinganisha nyasi zilizo chini ya mashamba ya mwani na zile zilizo mbali nayo. Nyasi hizi ni maficho ya samaki wadogo, tasi na changu wanakulia humo kabla ya kutoka. Na ukweli ni kwamba sisi wakulima tunazing'oa. Kabla ya kupiga vigingi tunasafisha, halafu mwani ukitanda juu unaweka kivuli, halafu tunakanyaga kwenda na kurudi. Mimi mwenyewe nimeng'oa kwa mikono yangu hii, mama akinihimiza niondoe mpaka mzizi. Wapo watafiti waliolipima jambo hili kabla yetu na wakakuta nyasi zimepungua kwenye mashamba. Sasa mwalimu anataka tupime tena, na moja ya sehemu zilizotiwa alama kwenye ramani yake ni pwani yetu. Sijasema kwamba mle ndani mna kamba za mama.

Nilimweleza mama kijuujuu. Alikuwa anafunga taitai, hakuinua kichwa. Akasema, "Kwa hiyo utakuja kunipimia, mwanangu, halafu mtanifukuza." Nikamwambia hapana, utafiti hauko hivyo, hata huu mwani tunaolima ulianza kwa watafiti, darasani tumesoma kuhusu Profesa Keto Mshigeni aliyeuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, kabla mama hajafunga kamba yake ya kwanza. Nilidhani nimempata. Akauliza, "Na bei je, aliipanga nani?"

Usimwone mama mbishi. Ana sababu. Hoteli zimepandwa kandokando ya ufuko, na kila mara huja mtu akasema kamba zetu zinaharibu mandhari, au vigingi vinawachoma wageni miguu. Pia wameshakuja watafiti wengi kijijini, na barua ya sheha mkononi, wakakaa barazani kwetu na makaratasi ya maswali: unalima kamba ngapi, unapata kiasi gani, watoto wangapi. Mama aliwapikia. Hakuna aliyerudi kusema alichokipata. Mpaka leo akimkumbuka mmoja wao, mama wa Kizungu aliyeupenda sana mkate wa kumimina, huniuliza, "Yule alipata jibu lake?" Nami sina la kumwambia. Ninaogopa kuwa mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Haya. Aibu sasa.

Kabla ya kuanza tulipewa fomu ya usalama. Una pumu? Una kifafa? Nani apigiwe simu likitokea jambo? Na swali moja: unajua kuogelea? Nikatia alama kwenye ndiyo.

Sijui kuogelea, mshauri. Mtoto wa Jambiani, binti wa mwani, nasomea bahari, na maji yakinifika kifuani moyo unaanza kwenda mbio. Mtu wa bara atashangaa, ila akina mama wa pwani watanielewa. Watoto wa kiume walikuwa wanarukaruka kwenye ngalawa mchana kutwa. Sisi tuliambiwa msichana haogelei, nguo zitamganda, ana haya gani huyo. Kazi zetu zote za baharini, mwani, kuokota chaza, kuchokoa pweza, zinaishia magotini au kiunoni. Maji yakipanda tunatoka. Kwa hiyo unaweza kuishi miaka ishirini ndani ya bahari bila kuingia baharini.

Na kinachoniuma ni kwamba jambo hili limeshaanza kubadilika hapo hapo kijijini kwetu. Wako akina mama wanaolima sifongo bahari, hao walifundishwa kuogelea, nimewaona kwa macho yangu na miwani yao ya kuzamia. Hata kwenye mwani, ile aina yenye bei nzuri zaidi haiwezi tena joto la maji haya ya ufukweni, inakufa, na wataalamu wanashauri ipelekwe maji ya kina kirefu. Wanawake wangapi watakwenda huko kama hawajui kuogelea? Kwa hiyo kila nikifikiri naona ningemfaa mama zaidi nikijua. Lakini kujua kunataka muda, na safari ya kwanza ya boti, kwenda kuzamia kwa miwani na mrija upande wa nje wa mwamba, imepangwa bamvua ya mwezi mwandamo ujao.

Shoga yangu wa dakhalia anasema ninyamaze, kutakuwa na jaketi okozi, nishike ubao wa kuandikia na nijifanye ndiye karani wa boti. Amesema karani hapigi mbizi. Nilicheka, kisha usiku nikawaza: kama boti ikitikisika na mwalimu akaamini nina uwezo wa kumfikia mwenzangu, nani atalipia uongo wangu?

Nimejaribu kujipangia njia. Moja ni kuomba maabara inipe kazi za ndani, za sinia na oveni na mizani, siku za maji mafu, ambazo mimi niko huru na wao mara nyingi wamechoka, kisha niende baharini bamvua moja tu kwa mwezi. Nyingine ni kumtafutia mama msichana wa jirani wa kumsaidia, tugawane mavuno. Hesabu yake nimeifanya mara nyingi na kila mara mwisho wake ni bumu langu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, kumegwa, nalo lenyewe halijawahi kufika kwa wakati. Nimefikiri pia kumwambia mwalimu ukweli kuhusu shamba la mama, na kumwomba kwamba tukimaliza kupima, matokeo yaje yasomwe barazani kwa Kiswahili, mbele ya kamati na wakulima, kabla hayajakwenda kokote. Lakini nani mimi, mwaka wa pili, wa kumpa mwalimu masharti kabla hata sijasaini? Atanionaje?

Basi naomba mnisaidie, wewe mshauri na yeyote aliyewahi kupita kwenye maabara za namna hii. Je, mwanafunzi mgeni anaweza kujadili ratiba na nauli bila kuonekana mvivu? Kupima shamba la mamaako mwenyewe ni kosa la kitaalamu, au ni jambo la kutangaza tu na kuendelea? Na hilo la fomu, nilianzeje? Nikaseme kabla ya yote, nikijua huenda nafasi ikaondoka hapo hapo, au niende kwanza kwa wale mama wa sifongo wanifundishe japo kuelea, kisha niseme?

Karatasi ya kukubali nafasi iko kwenye mkoba wangu wiki ya pili sasa, haijatiwa saini. Juzi nilipokwenda nyumbani mama aliiona, imeandikwa Kiingereza, akauliza inasema nini. Nikamwambia ni ratiba ya mitihani. Kwa hiyo hesabu yangu ya uongo imefika miwili.

Nikijibiwa kabla mwezi haujaandama nitashukuru sana. Ukichelewa, jibu litanikuta nimeshapanda boti, au nimeshashuka.

Wako,
Binti wa Kamba,
Jambiani