Barua kwa mwanangu Rehema: anza na majani

Kihonda, Morogoro
Mwisho wa Februari

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku hatujambo, baba yako mguu bado unamsumbua lakini anatembea. Nimeona nikuandikie, maana haya mambo tukiyazungumza kwenye simu salio linakata kabla hatujafika kwenye mbegu.

Umeniambia unataka kulima hapo kwenu Chamazi ili mpunguze matumizi, kwa kuwa kazi za baba Shukuru zimekuwa za kubahatisha. Vizuri. Ila ile orodha uliyonisomea ilinitia wasiwasi: trei za miche, mbolea ya maji ya chupa, mbegu chotara za nyanya, hoho za rangi, na mabomba ya plastiki yaliyotobolewa matundu. Ukijumlisha hivyo vyote, si unakaribia kodi ya chumba? Mtu analima kwa sababu hela hana, halafu anaanza kwa kuitoa. Orodha hiyo ifute. Anza na majani.

Kaa chini uandike kile unachonunua gengeni kila siku. Sisemi kila mwezi, nasema kila siku. Utakuta ni mboga. Unga na mchele mnanunua kwa kilo, mafuta mnapima, na hivyo hakuna uani wa mpangaji utakaovitoa, tusidanganyane. Lakini fungu la mchicha la mia tano, ambalo mvua ikiharibu barabara linakuwa elfu moja na limenyauka juu yake, hilo linachomoka mfukoni kila jioni wala hulioni. Mafungu mawili kwa siku, kwa watu watano mlio hapo, ni elfu thelathini kwa mwezi. Hiyo ndiyo hela tunayoikimbiza.

Nyanya najua unazitaka kwa sababu zinapanda bei. Ziache kwanza. Tangu kusia mbegu mpaka kuchuma ni kama miezi mitatu, zinataka kusimikiwa miti, masika yakiingia zinashikwa na ukungu, na tangu huyu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014 hata wakulima wenye mabomba ya dawa mgongoni wanalia. Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inapita juu yeye yuko ndani anakula. Mkono ukishazoea, jaribu mashina mawili matatu ya Tanya au Tengeru 97. Hizo ni mbegu zilizotoka Tengeru kule Arusha, na tunda likiiva vizuri unakamua mbegu unapanda tena. Ya chotara ukikamua, kizazi cha pili hakifanani na mama yake.

Na mahindi usiniambie. Shina moja linakaa miezi mitatu likupe gunzi moja, mawili likijitahidi. Uani kwenu ni pa kutundika kamba ya nguo, si mashamba ya Kiteto.

Sasa udongo. Huko kwenu ni mchanga mtupu, maji ukimwaga yanazama hapo hapo, kwa hiyo usihangaike na tuta la chini. Tafuta viroba vya unga au salfeti za mchele. Mama ntilie wanavyo na wengi wanavitupa. Omba samadi kwa mtu anayefuga kuku wa kisasa, ile iliyochanganyika na maranda ya mbao. Wafugaji wengi wanatafuta pa kuimwaga, usikubali kuuziwa bei ya ajabu. Ila isitoke bandani ikaenda moja kwa moja kwenye mboga, itaunguza mizizi. Ilundike kwenye kivuli, imwagie maji kidogo, igeuze mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Tia mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, bado. Ikishapoa na harufu ya banda imekwisha, changanya debe moja la samadi na madebe mawili ya udongo.

Kiroba cha kilo hamsini unakijaza hivi. Chukua ndoo ndogo au kopo refu lililotoboka kitako, likate kitako chote libaki wazi huku na huku. Lisimamishe katikati ya kiroba, ndani yake jaza kokoto au vipande vya matofali, pembeni jaza ule udongo. Ukifika usawa wa kopo, livute juu, kokoto zibaki zimesimama, ujaze tena hivyo hivyo mpaka juu. Ukimwagilia hapo katikati maji yanashuka kwenye kokoto na kusambaa kote, udongo wa chini haukauki na wa juu hautoti. Halafu toboa matundu ubavuni, yapishane, upachike miche humo. Juu panda mchicha, ubavuni sukuma wiki au chainizi. Mwenye nyumba mwombe ruhusa kabla hujaanza, na mwambie wazi kwamba hutachimba. Ukihama, unahama na viroba vyako.

Udongo usichote kando ya gereji wala dampo. Wala usipandie kwenye dumu lililokuwa na dawa ya wadudu, hata ukilisuuza mara ngapi. Umewahi kusikia habari za mboga za kando ya Mto Msimbazi. Wataalamu walipozipima walikuta madini mazito kama risasi, na kwa macho zilikuwa mboga nzuri tu, za kijani kibichi.

Mchicha ndio wa kuanza nao. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kuliko punje ya ulezi, ukizirusha hivi hivi zinarundikana sehemu moja na kwingine panabaki kipara. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu, kisha nyunyiza kama unatia chumvi. Juu yake pitisha udongo mwembamba, usifukie. Zungushia jivu, maana sisimizi watazibeba usiku kucha. Mpaka zichipue, funika na majani makavu au kipande cha pazia, na maji mwagia kwa kopo lenye matundu madogo, si kwa ndoo. Siku ya nne au ya tano utaona uzi mwekundu unachungulia, ondoa kifuniko siku hiyo hiyo, ukichelewa itarefuka kutafuta mwanga ianguke. Ikifika kama kidole, punguza palipobanana. Hiyo uliyong'oa ni mboga ya kwanza, ile laini ambayo gengeni huipati.

Wiki ya tatu au ya nne unakula. Hapo watu wengi wanang'oa wote, wanakula siku mbili, wanarudi gengeni. Wewe ukate kwa kisu, uache vifundo viwili au vitatu chini, ubavuni yatachipua mengine. Na kubwa zaidi ya yote, usipande viroba vyote siku moja. Panda kimoja leo, cha pili wiki ijayo, cha tatu wiki inayofuata. Kile cha mwisho kikiota, cha kwanza unachuma. Hii zamu ndiyo inayookoa hela, mengine yote ni mapambo. Shina moja zuri, lenye majani mapana, liache litoe maua likauke, lipukuse kwenye ungo, upepete. Mbegu ya kununua unanunua mara moja tu.

Matembele nayo ni ya bure kabisa. Hayapandwi kwa mbegu, ni kwa marando. Kata rando urefu wa shubiri na nusu, toa majani ya chini, lilaze vifundo vitatu vizame kwenye udongo na kichwa kitoke nje. Siku za kwanza litanyauka utadhani limekufa. Lisikutishe, mwagilia jioni na weka kivuli. Masika huwa yanaozesha mchicha, matone makubwa yanaulaza chini, lakini matembele ndiyo kwanza yanachanganya. Kwa hiyo uwe navyo vyote viwili, kimoja kikichoka kingine kipo. Chuma ncha zake, usivue shina zima.

Sukuma wiki inataka uvumilivu kidogo: kitaluni karibu mwezi, halafu inahamishwa, lakini ikishakubali unachuma majani ya chini miezi na miezi, mradi kichwa usikiguse. Mwenye nyumba akiwa mtu wa kuelewana, mwombe upande kijiti cha kisamvu cha mpira kwenye kona ya ukuta. Kile kinakuwa mti, mtachuma nyote hapo nyumbani. Kisamvu kitwangwe sawasawa na kichemshwe vya kutosha bila kufunika sufuria, ile sumu yake itoke. Najua unajua, nakukumbusha tu, siku hizi mnapenda vya haraka.

Maji ndiyo yatakayokutia hasara kama hukuwa makini, kwa sababu huko mnanunua kwa dumu. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuchemshia viazi yakishapoa bila chumvi, yote yaende kwenye viroba. Ya kufulia yenye sabuni nyingi au jiki, hapana. Maji ya kile kisima chenu chenye chumvi pia yaonee mashaka. Ukiona ncha za majani zinaungua, acha. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, na juu ya udongo tandaza nyasi kavu ili jua lisiyanywe kabla ya mboga.

Wadudu watakuja. Wale vidukari wanaojikusanya chini ya jani la sukuma wiki, geuza jani uwasugue kwa vidole na maji ya sabuni kidogo, usingoje wajae. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku mzima, chuja, tia sabuni kiasi, nyunyiza jioni kwa kile kifagio cha njiti. Dawa za dukani kwenye viroba vitatu vya mboga mnazokula kila siku na mtoto mdogo ndani, sitaki kuzisikia.

Wadudu wenye miguu miwili ni kuku wa huyo mpangaji mwenzio. Usigombane naye. Zungushia viroba wavu au miiba, na mchicha wa kwanza ukivuna mpelekee fungu. Utaona kuku wanaanza kufungwa.

Usione haya kuonekana unamwagilia kiroba. Sisi tumekua hivyo. Ukame ulipopiga miaka ya 1973 na 1974, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, shule na viwanda vikaambiwa vilime. Na mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati wa foleni za sukari na ule unga wa njano tuliouita wa Yanga, marehemu bibi yako alikuwa na matembele nyuma ya kota kutoka mlangoni mpaka chooni. Kitoweo kilikosekana, sabuni ilikosekana, mboga hatukukosa. Ilikuwa matembele mpaka tukachoka, nakiri, na hadi leo baba yako akiyaona mezani siku mbili mfululizo ananuna.

Na kwa kuwa kliniki walikwambia damu imepungua: mboga hizo zikamulie ndimu wakati wa kula, na chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, ndimu inayasaidia. Ile chai yako ya rangi ya kushushia ugali, ihamishie saa kumi.

Mjomba wako anashuka Dar Jumamosi. Nimempa mfuko: kuna marando ya matembele yamefungwa kwa kitambaa kibichi, kijiti cha kisamvu, na karatasi tatu zenye mbegu. Iliyokunjwa mara mbili ni mchicha, nyingine mnavu, ya tatu ni bamia, hiyo ya tatu iloweke usiku mmoja kabla ya kupanda. Marando yasilale kwenye mfuko, yapande jioni ile ile hata kama hujapata samadi. Yaweke kwenye kiroba chochote chenye udongo, utayahamisha baadaye. Mvua zitaanza mwezi ujao, kwa hiyo una muda mfupi wa kuandaa.

Msalimie baba Shukuru, mwambie kazi ya kubeba samadi ni yake, wewe kwa hali uliyo nayo usinyanyue mizigo. Mbusu mjukuu wangu. Na ndoo yangu ya bluu uliyoondoka nayo Idi mpe mjomba wako anaporudi, isikatwe kitako.

Mimi mama yako,
Mama Rehema