Harambee ya Kurekodi Kazi ya Mikono Mashambani

Kwa wazazi wetu, jamaa, majirani na marafiki wote wa kanisa letu hapa Kangemi,

Kikundi cha vijana cha sanaa ya video kinawaalika kwa heshima kwenye harambee itakayofanyika ukumbini mwa kanisa Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mara tu baada ya ibada ya pili. Tunachangisha shilingi 780,000 ili turekodi kazi ya wapandaji mpunga wa Mwea, wachumaji chai wa Limuru na wachumaji kahawa wa Kiambu, kisha tuionyeshe hapa mtaani na kule kule iliporekodiwa.

Wengi wetu tulisomeshwa kwa pesa za kibarua. Karo ilitoka kwenye debe la kahawa, debe baada ya debe, na aliyeyajaza alirudi nyumbani giza limeingia. Watoto tunaowalea Nairobi wanakijua chakula kinapofika soko la Marikiti kikiwa tayari kimo guniani. Shamba wanaliona kupitia dirisha la matatu, na mchumaji wanamwona kwenye televisheni kwa sekunde chache tu, habari za bei zikisomwa juu ya picha yake.

Kazi tunayokusudia haitakuwa na msimulizi wala muziki. Kamera itawekwa mahali pamoja na kuachwa bila kukatizwa mpaka kikapu kijae. Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi kwa mikono yote miwili, huku macho yake yakiwa yameshatangulia kwenye kichaka kinachofuata. Anayetazama kwa dakika moja huona mandhari nzuri ya kijani. Anayetazama kwa dakika kumi huanza kusikia vikonyo vikikatika, na kutambua kwamba mgongo ule wa mchumaji haujanyooka tangu yeye alipoketi kutazama. Vivyo hivyo Mwea, wapandaji huinama kwenye tope, wakirudi kinyumenyume na kuacha mbele yao mistari ya miche ya pishori ile ile tunayoipika siku za sherehe. Picha za mashamba yote matatu zitaonyeshwa kwa pamoja kwenye vitambaa vitatu vyeupe, ili jicho la mtazamaji lihame lenyewe kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Tunaomba kufanya hivyo sasa kwa sababu kazi yenyewe inabadilika. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, mashine zimechukua nafasi ya wachumaji wengi, na mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto katika maandamano. Harambee hii haikuitishwa ili kuamua mzozo huo. Tunaamini, hata hivyo, kwamba ujuzi wa vidole uliojengwa kwa miaka mingi unastahili kuhifadhiwa kwa heshima kabla wenye vidole hivyo hawajaondoka shambani.

Sehemu ya bajeti tunayoomba muielewe vizuri kuliko zote ni shilingi 260,000 za kuwalipa wafanyakazi watakaorekodiwa. Katika jaribio letu la kwanza huko Kiambu, tulimwomba mama mmoja asimame, ageuke, arudie kuchuma tawi lile lile kwa sababu mwanga ulikuwa umefifia. Jioni karani alipopima, debe zake zilikuwa pungufu, na kwa kuwa hulipwa kwa debe, sisi ndio tuliomnyima. Tulimfidia, lakini jambo hilo lilitufundisha kwamba hatuwezi kuitukuza kazi ya mtu huku tukimla ujira wake. Kila atakayerekodiwa atalipwa ujira kamili wa siku, ataombwa ridhaa kabla ya kamera kuwashwa, na ataiona picha yake kwanza, akiwa na haki ya kuikataa. Shilingi 300,000 zitakodi kamera na kinasa sauti, 140,000 ni za usafiri na malazi, na 80,000 zilizosalia ni za projekta na diski za kuhifadhia.

Tunahitaji fedha hizi kabla ya Julai, wakati miche inapoanza kupandwa Mwea; tukichelewa, mpunga hautatungoja. Mavuno makubwa ya kahawa yatafuata kuanzia Oktoba. Mchango unaweza kutolewa siku yenyewe au kukabidhiwa mweka hazina wa kanisa, ambaye atatoa stakabadhi kwa kila shilingi, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Aliye na jamaa Mwea anayeweza kuwalaza vijana wanne kwa wiki mbili atakuwa ametuchangia pakubwa.

Siku hiyo tutaanza kwa kuonyesha picha ya dakika 12 ya yule mama wa Kiambu, ambaye aliitazama mara mbili kabla ya kuikubali. Ameahidi kuketi nasi na kujibu maswali, na tungependa akute ukumbi umejaa.