Dawa ya mitishamba inayofanya kazi ndani ya saa moja ichunguzwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie matangazo ya virutubisho vya mitishamba vinavyodaiwa kurejesha nguvu za kiume, matangazo ambayo sasa yametapakaa magazetini, redioni na katika simu za watu wa kila umri. Nimefanya kazi ya ufamasia kwa muda mrefu, na hakuna swali ambalo wanaume wameniuliza kwa sauti ya chini kuliko hili: je, dawa hizi zinasaidia kweli? Jibu langu huwashangaza wengi, kwa sababu chupa iliyoshindwa kumsaidia mtu hainitii hofu kama ile anayoisifu kwamba imemponya usiku uleule.

Uume husimama pale mishipa yake inapolegea na kuiruhusu damu ijae. Mwili hufanya kazi hiyo kwa kutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, na ugunduzi wa namna gesi hiyo inavyofanya kazi katika mishipa ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Machi mwaka huohuo Marekani iliidhinisha sildenafili, iliyoanza kuuzwa kwa jina la Viagra, ambayo huzuia kimeng'enya kinachoizima kazi hiyo mapema. Nayaeleza haya kwa kuwa mmea wowote unaosifiwa kutibu tatizo hili hauna budi kupita njia zinazojulikana: uilegeze mishipa, urekebishe homoni, au uitulize akili ya mtumiaji.

Tukiipima mimea yenyewe kwa kigezo hicho, matokeo ni hafifu kuliko sifa zake. Jinsengi, mzizi unaotumika katika tiba za jadi za Asia, ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwaka 2021 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia na kulinganisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio 9 yaliyohusisha wanaume 587, wakaona kwamba tofauti kati ya waliomeza jinsengi na waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa ilikuwa ndogo mno, pengine isiyotambulika kabisa faraghani. Maka, mzizi unaotoka Peru, umejaribiwa kwa watu wachache tu. Mmea wa Epimedium una kemikali iitwayo ikarini ambayo maabara imeonyesha kuwa huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na sildenafili, ila kwa nguvu ndogo sana, na kinachotokea katika chupa ya maabara si lazima kitokee katika mwili wa mtu. Gome la mti wa yohimbe ni habari nyingine. Yohimbini inayopatikana humo iliwahi kuandikiwa wagonjwa na madaktari, na majaribio yaliionyesha ikivishinda vidonge vitupu. Lakini hupandisha shinikizo la damu, huuendesha moyo mbio na humtia mtu wasiwasi, na kiasi kilichomo katika makopo ya madukani mara nyingi hakilingani na kilichoandikwa kwenye lebo.

Sisemi haya kwa kuidharau mitishamba. Artemisinini, ambayo leo ni nguzo ya matibabu ya malaria, ilitolewa katika mmea, na hakuna mfamasia mwenye akili timamu anayeweza kuibeza asili yake. Hata hivyo, ilipimwa, ikajulikana kipimo chake, ikajulikana pia madhara yake, ndipo mgonjwa akapewa. Wala siwaiti waongo wanaume wanaotoa ushuhuda. Tatizo hili lina sehemu kubwa ya hofu ndani yake, na mwanamume aliyepata matumaini huweza kupata nafuu ya kweli hata kwa kidonge kisicho na kitu. Ndiyo maana kila jaribio la maana huwa na kundi linalopewa kidonge kitupu, na ndiyo maana katika kundi hilo pia hukosi watu waliopona.

Sasa nije kwenye chupa inayofanya kazi. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani za mwaka 2007 hadi 2016 walikuta virutubisho 776 vilivyotiwa dawa za hospitali kwa siri, na 353 kati yake vilikuwa vya nguvu za kiume. Dawa iliyofichwa humo mara nyingi kuliko nyingine ilikuwa sildenafili. Mnunuzi aliyekimbia "kemikali" alikuwa anameza kemikali ileile, bila kujua kiasi, bila kuulizwa kama ana ugonjwa wa moyo. Singapore walipatwa na kubwa zaidi: kati ya Januari na Mei 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini kwa sababu sukari ya mwili ilikuwa imeshuka vibaya, na wanne miongoni mwao wakafariki. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye vidonge haramu vya nguvu za kiume, baadhi vikiuzwa kama dawa za asili, ambavyo vilikuwa na kiasi kikubwa cha glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ya wagonjwa wa kisukari.

Mgonjwa mmoja niliyemhudumia, mtu mzima aliyekuwa akitumia nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya kifua, alinitolea mfukoni kopo lenye picha ya majani na maneno "asilia tupu". Orodha ya viambato haikuwapo. Alilisifu kwamba ndani ya saa moja tu aliona mabadiliko, isipokuwa uso ulimpanda joto, pua ikaziba na kichwa kikamgonga. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizo dalili nazijua, na si za majani." Akanijibu, "Lakini daktari, wameandika ni ya asili." Zilifanana na dalili za sildenafili, nayo ikikutana mwilini na dawa za jamii ya nitrati, ambazo nitrogliserini ni mojawapo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi mtu akapoteza fahamu au akafa. Huyu hakuwa amedanganya wala kukaidi ushauri. Alisoma lebo, akaiamini.

Kuna hasara nyingine isiyotangazwa, nayo ni muda. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, wakati ile ya moyo hufikia milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuziba mishipa ya mwili mzima, iliyo myembamba ndiyo inayolalamika kwanza, na kwa wanaume wengi miaka 2 hadi 5 hupita kati ya malalamiko hayo na dalili za ugonjwa wa moyo. Kisukari nacho hujitambulisha hivyohivyo mara nyingi. Mwanamume anayehama kutoka kopo hili hadi jingine kwa miaka mitatu anaitumia vibaya miaka ambayo angeweza kupimwa sukari, shinikizo na lehemu, na kuuliza pia kama dawa anazotumia sasa, hususan baadhi ya zile za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo, ndizo chanzo cha tatizo. Wapo wanaoondokewa nalo bila dawa yoyote: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanaume 110 wenye unene uliopindukia, karibu theluthi moja ya waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi walirudi katika hali ya kawaida baada ya miaka miwili.

Ninayoomba kwako, Mhariri, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wako. Tangazo lolote la kirutubisho cha nguvu za kiume lisipokelewe bila orodha kamili ya viambato, namba ya usajili na jina la anayewajibika kwa bidhaa hiyo. Neno "haina madhara" lisichapwe kabisa, kwa kuwa hakuna dawa inayofanya kazi ambayo inaweza kulidai kwa haki. Na kando ya kila tangazo la aina hiyo liwekwe tamko fupi kwamba mtu anayetumia dawa za moyo zenye nitrati asiimeze bidhaa hiyo kabla ya kumwonyesha mtaalamu wa afya kopo lenyewe, maana kopo hutueleza mengi kuliko maelezo ya mdomo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfamasia