Hatua 15 za kukariri ni za nini?

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya chesi ametushauri sisi tunaocheza kujifurahisha tukariri hatua 15 za ufunguzi wa Sicilian, tawi la Najdorf, yaani namna mojawapo ya mweusi kuanza mchezo. Napinga.

Shemeji yangu alishaumeza ufunguzi huo wote. Akishika kete nyeusi, hatua za mwanzo humtoka mbiombio kama mtoto wa madrasa aliyehifadhi. Basi mimi, hatua ya pili tu, namsogeza askari wa pembeni: a3 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari). Si hatua kali, lakini kitabu alichokariri hakina jibu. Shemeji anautazama ubao, ananitazama mimi, anauliza kama namfanyia mzaha. Kuanzia hapo kila mtu anatumia akili yake, na saa yake ndiyo inayoliwa.

Wapinzani wa kiwango chetu hawafuati kitabu. Kila upande ukicheza hatua moja tu, tayari kuna mikao 400 inayowezekana. Utakariri mingapi?

Nakubali kitu kimoja: mitego inayoua mapema. Mwanzoni f7 ya mweusi inalindwa na mfalme peke yake. Katika ufunguzi wa Kiitalia, ukiwa mweusi, askofu wa mweupe akiwa c4 na farasi wake akarukia g5, wewe sukuma askari hadi d5. Akikula, usikimbilie kulipiza kwa farasi wa f6. Yule mwenzake wa c6 mpeleke a5, amsumbue askofu. Hilo nalijua hata nikiamshwa usiku wa manane, na faida yake nimeiona.

Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa 1972, alichoshwa na kukariri huku hadi mwaka 1996, akiwa Buenos Aires, akatangaza chesi yake ambamo kete za nyuma hupangwa kwa kura, kwa mipangilio 960. Na yeye funguzi alizijua kwelikweli!

Nafasi ile ya gazeti naomba ipewe mwisho wa mchezo, maana huko ndiko tunakogawa ushindi bure. Umebaki na mfalme na askari mmoja, mwenzako mfalme mtupu. Mfalme wako akitangulia mbele ya askari na kufika mstari wa sita kuhesabu kutoka upande wako, umeshinda, zamu iwe ya nani, isipokuwa askari huyo akiwa wa pembeni kabisa. Wengi tunamsukuma askari kwanza, mfalme anabaki nyuma, mchezo unaisha sare. Mtuchoreeni ubao wa hilo toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Mchezaji wa jioni