Niifufue miksa ya zamani au niing'oe matumbo?

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa njia panda, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwanangu yuko upande mmoja nami niko upande mwingine.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mtangazaji wa redio. Nikiwa mdogo alinichukua siku moja hadi studio, akaniketisha nyuma ya kioo, nikaiona taa nyekundu ikiwaka na sindano ya mita ikirukaruka kwa kila neno alilotamka. Sijaisahau sindano ile. Miaka mingi baadaye, kituo kimoja kilipohamia kwenye kompyuta na kuuza mitambo yake ya zamani, nilinunua miksa ya njia sita, yaani mtambo wa kuchanganya sauti za maikrofoni, ile yenye vitufe vya kuzungusha. Kisha nikapata mashine ya kanda za riili ya Revox A77, aina iliyoingia sokoni mwaka 1967, na baada yake maikrofoni ya utepe ya 4038, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1950. Nia yangu ni studio ya nyumbani inayofanya kazi, ya kunasa masimulizi ya wazee kwa sauti ile ya utotoni mwangu. Sikuvinunua vipambe ukuta.

Miksa ndiyo inayoninyima usingizi. Siku niliyoileta niliichomeka umeme na kuiwasha papo hapo, bila kujua kwamba kifaa kilicholala miaka hakiamshwi hivyo. Dakika kumi hazikupita, ukatoka mlio mkavu, kisha moshi, na harufu iliyokaa chumbani siku mbili. Fundi wa kwanza aliifungua akakuta kapasita nyingi, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, zimekauka na moja ya upande wa umeme imepasuka. Anashauri ang'oe vyote vya ndani, pamoja na transfoma za sauti, afunge bodi mpya, abakize bati la mbele na mita zake tu. Itakuwa haina mvumo, anasema, na itaungana na kompyuta bila taabu. Mwanangu amekubaliana naye.

Fundi wa pili ni mzee aliyetunza mitambo ya redio maisha yake yote. Yeye alitikisa kichwa. Kwake kapasita ni kama tairi: ikiisha unabadilisha, na gari linabaki lile lile. Transfoma hazichakai namna hiyo, na kwa maneno yake, ukizitoa umetoa koo la mashine. Alibadilisha kapasita za upande wa umeme na za njia moja tu, akaipitisha miksa kwenye balbu iliyofungwa kwa mfululizo, ili kukiwa na shoti balbu ndiyo iwake na kingine kisiungue. Balbu ilimweka mara moja ikafifia. Mwanangu akasogea kwenye maikrofoni akahesabu moja hadi kumi, nami nikaiona sindano inacheza. Nilishindwa kusema neno.

Mzee alinieleza pia jambo ambalo fundi wa kwanza hakuligusa. Bodi nyingi za kisasa hupeleka volti 48 kwenye waya wa maikrofoni, na mara nyingi swichi moja huwasha njia zote kwa pamoja. Ndani ya maikrofoni yangu mna utepe wa alumini mwembamba mno, hata pumzi ya kupuliza inaweza kuuvuta ukalegea. Waya mzima na uliofungwa sawasawa hauna neno, lakini wenye hitilafu, au kuchomeka na kuchomoa volti hizo zikiwa zimewashwa, kunaweza kuuharibu kabisa. Miksa yangu ilivyo sasa haina volti hizo, kwa hiyo utepe uko salama.

Lakini mwanangu naye ana hoja, na sitaki kumdhulumu. Aliniuliza, "Baba, mzee huyu akichoka, nani atatushikia hii?" Sikuwa na jibu. Swichi zinakwaruza, njia tano bado hazijaguswa, na baadhi ya vipuri havitengenezwi tena. Ukivitaka ni lazima uue mashine nyingine. Yeye ndiye atakayekaa kwenye miksa wakati mimi nahojiana na wazee. Mzee wa watu akishafika, ameketi, ameanza kusimulia, huwezi kumwambia asubiri kwa kuwa njia ya pili imekata.

Kuna na kanda za mjomba, riili nne, na hizi ndizo zinazonifanya nisitake kukosea. Zilinaswa kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, ilhali Revox yangu ina 9.5 na 19 tu, hivyo sauti yake ilitoka nzito na ya kuvutika. Mwanangu anasema tunase hivyo hivyo, kompyuta iongeze mwendo mara mbili. Mzee anapinga: kila mwendo una urekebishaji wake wa sauti nyembamba na nene, kwa hiyo hata mwendo ukirudi, sauti haitakuwa ya kweli. Riili mbili zinanata kwenye vichwa na kupiga kelele. Nimesoma kwamba kanda za aina hiyo hupashwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa nyingi ndipo zichezeke, lakini za asetati, plastiki ya zamani inayopitisha mwanga, hazifai kupashwa. Zangu nikiziinua kwenye mwanga, mbili zinapitisha mwanga na mbili hazipitishi. Zinazonata ni hizo zisizopitisha.

Ndugu Mshauri, ungekuwa wewe ungefanyaje? Je, nimwachie mzee amalize njia tano zilizobaki, mwanangu akae naye ajifunze kazi hiyo kwa mikono yake, au hayo ni kumbebesha kijana mapenzi yangu? Au ninunue miksa ndogo ya kisasa ya kunasia wazee, hii nibaki nayo kwa maikrofoni ya utepe peke yake? Na zile riili mbili, nizipashe joto mwenyewe au nimtafute mwenye mashine ya mwendo wa 38 afanye yote mawili?

Fundi wa kwanza anataka jibu mwisho wa mwezi. Miksa nimeichomoa, nimeifunika kitambaa, na kanda nimezirudisha kwenye maboksi yake hadi nitakaposikia kutoka kwako.

Wako,
Mpwa wa Mtangazaji