Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vifaa vya kujikinga melini

Assalaam aleikum wanachama, habari za siku nyingi. Mahesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe, mimi nitaongea kuhusu vifaa maana hapo ndo tumevutana mwaka mzima.

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu kule Kililana lifunguliwe 2021 vijana wetu kadhaa wametoka kwenye mashua na majahazi wakaingia meli kubwa, na mazoea wameingia nayo, mtu anapanda ngazi ya meli na ndara, helmeti kaishika mkononi anaivaa akimuona msimamizi. Jamani helmeti isofungwa mkanda wa kidevu ukiinama tu iko baharini. Na glavu pana kuliko mkono karibu na winchi, ile mashine ya kuvuta kamba, ni balaa, ikinaswa inakwenda na vidole.

Kuna wakala tulishikana mashati, alileta buti saizi moja kwa watu wote ati vaeni soksi mbili. Tukamwambia sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 inamtaka muajiri atoe vifaa vinavyofaa, sio bora vifaa. Na kwa mlio mabaharia, mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini umerekebishwa, tangu Disemba 2024 vifaa lazima vimkae mtu, kina dada wakiwemo. Buti akabadilisha, ovaroli bado tunamdai. Ila sheria hiyohiyo ya 2007 inasema ukipewa uvae, kwa hivyo anayeuza buti zake sokoni akiumia asije kunililia.

Kubwa zaidi ni ngama, yaani tumbo la chini la meli, na matangi. Barakoa ya vumbi inachuja vumbi tu, haikupi hewa! Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, lakini kwenye tangi lililofungwa kutu inaila, shehena ya magogo au vyuma chakavu nayo vilevile, na huoni wala husikii harufu, unashuka kidogo tu magoti yanalegea. Mwenzako akianguka usimfuate, wengi wanaokufa humo ni wale waliokwenda kuokoa, piga kelele aje mwenye mtungi wa hewa. Tangu Julai 2016 meli za safari za kimataifa zinatakiwa ziwe na mashine ya kupima hewa, basi uliza imepimwa saa ngapi na nani amepima. Ukijibiwa "we ingia tu", rudi juu, chama kitasimama na wewe.

Namba za buti mpeni katibu leo kabla hamjaondoka, na andikeni za kweli, kuna mtu aliona haya akaandika 42 na mguu wake 46, buti ziko ofisini mpaka leo.